Koo la Mkalimani

Kama umewahi kushtakiwa Kigoma na Kiswahili chako kikakukimbia pale kizimbani, basi huenda umewahi kusema kwa mdomo wake. Sisi wa mahakamani tulimwita Mkalimani, na mtaani kwake Rusimbi walimwita hivyohivyo, hata watoto. Mimi nilikuwa karani katika mahakama hiyo, meza yangu ikiwa karibu kabisa na pale alipokuwa akisimama, kwa hiyo nimemsikia mtu yule akisema zaidi kuliko nilivyomsikia marehemu mume wangu. Na bado, kwa miaka yote hiyo, ungeniuliza Mkalimani anapenda chakula gani, ningekwambia sijui.

Kazi yake ilikuwa kutoa Kiha na kutia Kiswahili, kutoa Kiswahili na kutia Kiha, na Kirundi kikija alikipokea pia. Alikuwa na sheria moja tu, nayo aliirudia kwa kila hakimu mgeni aliyeletwa kutoka mikoa mingine: haongezi, hapunguzi. Mshitakiwa akilia, yeye anatafsiri maneno, kilio anamwachia mwenyewe. Mshitakiwa akitukana, basi jamani, tusi linafika likiwa moto vilevile.

Kuna siku mzee mmoja kutoka njia ya Kidahwe alishtakiwa kwa ugomvi wa michikichi, na hakimu wetu wa wakati huo alikuwa na tabia ya kusinzia baada ya chakula. Yule mzee akasema kitu kwa Kiha, tuliokijua tukainamisha vichwa. Mkalimani akakohoa kidogo kama kawaida yake, akamtazama hakimu usoni, akasema kwa sauti yake nzuri ya chini: "Mheshimiwa, wewe umelala, na ukiamka utanifunga bila kunisikiliza." Hakimu akaruka. "Umesema nini wewe?" Na Mkalimani, bila kupepesa, akamgeukia mzee na kumuuliza kwa Kiha: umesema nini wewe? Nilijifanya natafuta kalamu chini ya meza ili nisicheke mbele ya watu. Hakimu alitaka kumweka ndani, mpaka waendesha mashtaka wakamweleza taratibu kwamba yule hakuwa na neno lake hata moja pale.

Hakuwa na neno lake. Hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe, ingawa siku ile tulicheka tu.

Watu wa kwetu hawakuwahi kumwelewa. Walimchukia kwa maneno ya wengine. Katika soko la Mwanga kulikuwa na mama muuza migebuka ambaye aliachwa na mumewe, kesi ikaja kwetu, mume akasema kwa Kiha kwamba mke hajui kupika na mama mkwe wake ni mchawi, na Mkalimani akayatamka hayo kwa Kiswahili mbele ya ukumbi mzima. Mume alisamehewa na yule mama, wakarudiana, wakazaa tena. Mkalimani hakusamehewa. "Huyu ndiye aliyemwita mama yangu mchawi!" alikuwa akiwaambia wenzake kila anapomwona, na samaki hamuuzii. Nikamwambia Mkalimani, kwani wewe huwezi kumweleza? Akainua mabega. Tangu hapo akawa anazunguka kwa mlango wa nyuma wa soko, kimya, na kikapu chake.

Ndivyo alivyokuwa nje ya mahakama. Ndani alikuwa na maneno ya mkoa mzima, nje hana hata la kuombea chumvi. Kwa mama ntilie tulikokula mchana, akiulizwa anataka nini alijibu, "Kama alichokula huyu." Huyu akiwa amekula maharage, na yeye maharage. Nguo zake zilichaguliwa na mkewe, Mungu amrehemu, na mke alipofariki zikachaguliwa na kaka yake mkubwa, mfanyabiashara wa mawese, mtu mwenye kitambi na amri. Kaka akisema tunauza kiwanja, kimeuzwa. Kaka akisema binti yako anaolewa Uvinza, ameolewa. Nilikuwa nikimchokoza: "Mkalimani, hivi wewe ukigombana na mtu, unamtafuta nani akusemee?" Anacheka kwa pua tu. Nilidhani ni upole. Wengi tulidhani ni hekima, tukamheshimu kwa hiyo hekima ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

Sauti yake ilianza kuharibika taratibu mno, hata hatukumbuki ilianza lini. Kwanza ikawa nzito asubuhi. Halafu ikawa nzito kutwa. Akaenda zahanati, akapewa dawa ya mafua, kisha ya kikohozi, kisha ile ya kuvuta ya pumu. Akavuta, akavuta, haikusaidia kitu. Mtaani wakapata majibu yao upesi kuliko zahanati: amefungwa koo. Kuna mtu alishindwa kesi akaenda kumfunga koo mkalimani. Na siyo wajinga waliosema hivyo, alisema hata mhasibu wetu mwenye digrii! Nikamuuliza, mbona mchawi asimfunge koo hakimu?

Ukafika wakati akivuta pumzi unasikia mluzi. Mluzi mwembamba, kila pumzi, unausikia hadi chumba cha mahabusu. Kupanda kilima kutoka stesheni akawa anasimama njiani kama anaangalia ziwa, kumbe anatafuta hewa. Kulala chali hakuweza tena, akawa analala amekaa kwenye kiti cha sebuleni, mlango wazi, maana mlango ukifungwa anahisi kuta zinamsogelea. Aliniambia hivyo mwenyewe, na nilishtuka, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kunieleza anavyohisi.

Kisha akaanguka kazini. Alikuwa anamsemea mjane wa Katubuka aliyedai nyumba yake, amefika mahali pa "Mheshimiwa, mimi naomba," na pumzi ikagoma. Alisimama mdomo wazi, macho yakimtoka, mkono shingoni. Ukumbi ulitulia, watu wakidhani anatia uzito kwenye maneno ya mjane. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji, na madaktari wa zamu wakamtoboa shingo chini ya koromeo, wakaweka mpira, hewa ikaingia. Mungu awabariki, walimwokoa.

Lakini kutoka hapo akawa mfungwa kweli. Hewa ilipita kwenye mpira, haikufika tena kwenye sauti. Ili aseme, ilibidi azibe tundu la mpira kwa kidole, na kilichotoka ni mkwaruzo, neno moja, mawili, kisha aachie apumue. Mpira ukiziba kwa makohozi anakabwa mpaka usafishwe. Hakuweza kwenda mbali na kitanda kilicho karibu na mashine ya kunyonya makohozi. Alikuwa anakaa dirishani wodini, anatazama watu wakienda zao Kibirizi kupanda maboti, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesahauliwa rumande.

Madaktari bingwa walipokuja kwa kambi yao ya matibabu ya wiki moja, mmoja wao, mwanamke kijana, mpole lakini asiyezunguka maneno, alikuwa wa mambo ya koo. Vipimo vilikuwa vimerudi. Akatuita pembeni ya kitanda: mimi, kaka mkubwa, na shangazi yao aliyetoka Kidahwe kwa ajili hiyo. Shangazi Kiswahili hana, ana Kiha tu.

"Shikamoo Mzee," daktari akasema. "Hebu shika sikio lako hapa juu. Hiki kigumu kinachopinda kinaitwa gegedu. Ndani ya koo kuna pete ya gegedu kama hilo, ndiyo inayoshikilia njia ya hewa isijifunge, na juu yake kinakaa kisanduku cha sauti. Uvimbe wako umeota kwenye hiyo pete. Ni saratani, Mzee, sitakuficha. Ila ni ile inayokwenda polepole. Dawa na mionzi haviisaidii sana hii, ni kisu."

Shangazi akauliza kwa Kiha, anasema nini? Mimi nikafungua mdomo nimweleze. Mkalimani akaninyamazisha kwa mkono. Akaziba tundu kwa kidole na kuanza kutafsiri mwenyewe. Vipande viwili vitatu, anaachia, anapumua, anaziba tena. Jamani! Mtu anatangaza saratani yake mwenyewe kwa shangazi yake, na sura haina dalili kwamba ni yake. Hata lile "sitakuficha" alilifikisha.

Daktari akangoja, akaendelea. "Kuna njia mbili. Ya kwanza, natoa kisanduku chote. Uvimbe unaondoka wote, lakini utapumua kwa tundu la shingoni maisha yako yote, na sauti yako haitakuwepo tena. Ya pili, nakata sehemu ya pete yenye uvimbe, nachukua gegedu la ubavuni mwako, naziba pengo. Nikifanikiwa, sauti itabaki, ingawa haitakuwa hii uliyoizoea. Nisipofanikiwa, pete inalegea na mpira huu hautoki tena. Na njia hii, uvimbe unaweza kurudi."

Akatafsiri yote. Mkono wa shangazi ulikuwa umeshikilia mguu wake juu ya shuka.

"Na wewe mwenyewe, Mzee," daktari akamuuliza, "unataka nini?"

Mkalimani akaziba tundu. Akamgeukia shangazi. Akamuuliza kwa Kiha: na wewe mwenyewe, unataka nini? Kisha akatulia kumngojea, kama alivyokuwa akiwangojea washitakiwa.

Hakuna aliyecheka. Shangazi alitutazama mmoja mmoja, hajui afanye nini na swali lile. Kaka mkubwa akaona nafasi yake. "Daktari, toa yote. Sauti ya nini? Sisi tunataka mtu."

"Oya!" shangazi akasema, yaani hapana kwa Kiha, maana "toa yote" alikuwa ameielewa kwa mikono ya kaka. Wakaanza kubishana juu ya shingo ya mtu, na mwenye shingo akawa anawatafsiria, huku na huku, kidole kinapanda kinashuka. Nikapandwa na hasira. "Wewe! Umeulizwa wewe!" Akanitazama kwa macho ya mnyama aliyenaswa. Daktari akafunga faili. Akasema bila jibu la mgonjwa mwenyewe hampeleki popote, na kambi inaisha Ijumaa, ataanza kuwapangia nafasi wengine.

Kesho yake nikampelekea uji. Tulikuwa wawili. Akaziba tundu akasema, "Karani. Nimetafuta. Usiku kucha." Akapumua. "Sijui nataka nini. Nikifungua ndani... nakuta kaka... hakimu... mke wangu. Mimi simo." Machozi yakamtoka na makohozi yakampanda, nikambonyezea kengele ya muuguzi, akasafishwa. Nilikaa pale nikiwa na uchungu na ghadhabu pamoja. Alikuwa amebanwa mahali pawili, shingoni na huku kusikoonekana, na hili la pili hakukuwa na daktari wake.

Nikafikiri kikarani, maana ndio ujuzi nilio nao. Mtu yule alikuwa amewaapisha mashahidi kwa Kiha tangu ujana wake. Yeye mwenyewe aliapa kiapo cha mkalimani tu, cha kufikisha ya watu. Hakuwahi kusimama kama shahidi. Nikainuka, nikavuta gauni langu vizuri, nikasema kwa sauti ya kazini, mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kabisa:

"Shahidi, inua mkono wa kulia."

Alidhani natania. Nikarudia. Nadhani mwili wake uliitii ile sauti kabla ya akili, kwa sababu mkono ulikwenda juu. Kidole cha kushoto kikaziba tundu. Nikamtajia kiapo kipande kwa kipande, naye akakifuata kwa mkwaruzo ule, kwamba atasema kweli, na kweli tupu, ewe Mwenyezi Mungu nisaidie.

"Shahidi, sauti yako unaitaka?"

Akafungua mdomo, nikaona anageuza shingo kutafuta wa kumtafsiria. "Hapana," nikamwambia. "Leo hakuna mkalimani. Shahidi anajua Kiswahili. Jibu."

Uji ukapoa.

"Naitaka," akasema.

"Kwa nini?"

"Nimesema... ya watu. Mpaka koo... limeota jiwe." Akapumua. "Yangu... sijaanza. Nataka... nianze. Hata kama... ni kidogo. Hata kama... saratani itanirudia."

Nikamwita daktari. Akarudia mbele ya daktari na mbele ya kaka mkubwa, mkono bado juu, hakukumbuka kuushusha. Kaka alinifuata mpaka nje. "Karani, akifa, wewe ndiye utakayenijibu." Nikamwambia nitakujibu, na niliogopa sana nilipokuwa nasema hivyo.

Walimpeleka hospitali kubwa nje ya mkoa. Wakakata, wakachukua kipande cha ubavuni, wakaziba. Aliporudi Rusimbi alikuwa na kovu kifuani, kovu shingoni, na mpira bado upo, maana pete mpya ilipaswa kushika kwanza. Usidhani mambo yaliishia kwenye kisu. Kumeza kulimshinda. Uji mzito ndio ulipita, tena kwa kuinamisha kidevu, kumeza, kukohoa, kumeza tena kama alivyofundishwa. Maji ndiyo yaliyokuwa hatari zaidi, yalikimbilia kwenye mapafu. Mtu wa Ziwa Tanganyika, maji yote yale mbele ya nyumba yake, na haruhusiwi kunywa glasi moja. Aliniambia kwa kidole tunduni, "Nimetoka jela... nimeingia nyingine," na mimi nikarudi nyumbani nikimwomba Mungu aniambie kama nilifanya sawa kumwapisha.

Pete ilishika. Mpira ukatolewa, tundu likafungwa, na kidogo kidogo hata maji akaweza kuyanywa. Sauti iliyobaki ilikuwa mbaya, tuseme ukweli. Ya chini, ya namna moja, kama mtu anaburuta kitanda kwenye sakafu ya saruji. Mahakamani hakurudi, isingefika hata kwangu mezani. Lakini ilikuwepo.

Na alianza! Ee Mungu wangu, alianza. Yule mtu tuliyedhani ana hekima, kumbe alikuwa na maoni, tena mengi yake ya hovyo. Alikaa kwa kinyozi akibishana juu ya mpira wa miguu ambao haujui. Alimwambia mama ntilie kwamba maharage yake hayajawahi kuiva. Kaka mkubwa alipokuja kuuza mashine yao ya kukamulia mawese, akamwambia, "Haiuzwi, na kile kiwanja hukupaswa kukiuza," wakanuniana kutoka mfungo wa Ramadhani mpaka Iddi. Wapo waliosema bora alivyokuwa zamani. Mimi tuligombana naye karibu kila wiki, juu ya siasa, juu ya mvua, juu ya namna ya kukaanga dagaa. Nilikuwa narudi nyumbani nimevimba kwa hasira, na nilikuwa na furaha kuliko niwezavyo kueleza.

Ikaenda hivyo miaka kadhaa. Kisha Jumapili moja, nimetoka kanisani, nasikia bodaboda inasimama nje kwangu Katubuka, na kabla sijafungua mlango nikausikia. Ule mluzi.

Nikamkaribisha, nikamchemshia chai. Akakaa. Akaniambia vipimo vimerudi, uvimbe umerudi pembeni mwa pete, na safari hii hakuna pa kukata na kubakiza.

"Kwa hiyo watatoa yote," nikasema.

"Nimewaambia watoe yote."

"Nani amekwambia useme hivyo? Kaka yako?"

"Kaka analia. Safari hii yeye ndiye anataka nisikatwe." Akavuta pumzi kwa shida. "Nimemwambia hapana. Nataka kuishi, Karani. Sikujua kama napenda kuishi. Napenda mno."

Nikaanza kulia kama mtoto, sina haya. Nikamwambia angoje, tuulize kwingine, labda kuna dawa, na sauti je? Mimi ndiye niliyemwapisha ili aiokoe, na sasa ni mimi ninayeng'ang'ania isiondoke. Akaniacha nimalize. Siku ya kusafiri ilikuwa keshokutwa. Wote wawili tulijua kwamba tukiagana pale, sauti yake sitaisikia tena.

Nikafikiri ataniambia kitu kikubwa. Aliinua kikombe, akanywa, akakunja uso.

"Chai yako," akasema. "Tangawizi imezidi. Siku zote huwa imezidi. Nilikuwa nainywa kwa adabu tu."

Nilishindwa kujua nicheke au nimpige na sufuria. Nikajifuta macho kwa kanga.

"Sema tena," nikamwambia.

Akavuta pumzi, akasema tena.